Akadi ya Mwanzo 10:10 iko wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Tulikuwa tunasoma Mwanzo 10:10, pale panapotajwa mwanzo wa ufalme wa Nimrodi: Babeli, Ereku, Akadi na Kalne. Kijana mmoja akaniomba nimwonyeshe miji hiyo kwenye ramani iliyo nyuma ya Biblia. Babeli tuliuona, Ereku tukauona, lakini Akadi umewekewa alama ya kuuliza. Nimewahi kusikia kwamba mji huo ulilaaniwa ukafukiwa na mchanga, ndiyo maana hauonekani. Ni kweli? Na mji mkuu wa dola kubwa namna ile unapoteaje?

Jibu: Mwalimu, huyo kijana wako ana jicho. Wengi hufungua ramani zile maisha yao yote wasione alama ya kuuliza. Na ipo pale kwa haki kabisa: Akadi, ambao wenyeji wake waliuita Agade, ulikuwa kiti cha dola ya kwanza kubwa ya Mesopotamia, na hadi leo hakuna aliyeweza kuweka kidole kwenye ramani ya Iraki akasema ni hapa, akaaminiwa. (Kalne nao una kesi yake. Wako wafasiri wanaosoma neno lile la Kiebrania kuwa «yote hiyo», si jina la mji. Tuuache.)

Hilo la laana ni hadithi ya kale sana, na tutaifikia. Kwanza tuuone mji wenyewe.

Mwanzilishi wa dola hiyo ni Sargon. Mapokeo ya Kisumeri yanasema alianza kazi kama mnyweshaji wa Ur-Zababa, mfalme wa Kish. Kwa hesabu inayotumiwa na wengi, alishika utawala karibu mwaka 2334 KK. Alimpiga Lugalzagesi, mfalme wa Uruk, ambao ndio Ereku wa kwenye ramani yako, akampeleka na kongwa shingoni hadi kwenye lango la mungu Enlil mjini Nippur. Baada ya hapo alijisifu kwamba watu 5,400 walikula chakula mbele yake kila siku, na kwamba meli za Meluhha, za Magan na za Dilmun zilifunga kwenye gati la Agade. Meluhha ni upande wa bonde la mto Indus, Magan ni Oman, Dilmun ni Bahrain na pwani iliyo jirani yake. Lishike hilo neno gati, tutalihitaji.

Angalia pia tumeyapataje maneno hayo. Sanamu na mawe aliyoyaandikisha Sargon mwenyewe kwa sehemu kubwa yametoweka. Yalikuwa yamesimamishwa ndani ya hekalu la Enlil huko Nippur, na karne kadhaa baadaye makarani wakayanakili kwenye vibao vya udongo, herufi kwa herufi, mpaka na maelezo ya mahali maandishi yalipokuwa kwenye sanamu. Nakala hizo ndizo tulizonazo. Kuhusu Agade utaliona jambo hili tena na tena: kila tunachokijua kimetoka mahali pengine.

Chukua kazi bora za sanaa za enzi ile, zile ambazo kila kitabu cha historia huzichapisha. Kichwa cha mfalme cha shaba, chenye ndevu zilizosukwa, kilichimbuliwa Ninawi mwaka 1931. Jiwe la ushindi la Naram-Sin, mjukuu wa Sargon, lile linalomwonyesha akipanda mlima na kofia ya pembe kichwani huku maadui wakiporomoka miguuni pake, lilipatikana Shushani, nchini Iran, mwaka 1898. Mfalme mmoja wa Elamu alikuwa amelibeba kama ngawira katika karne ya 12 KK. Kisahani cha jiwe cha Enheduanna, binti Sargon aliyekuwa kuhani mkuu wa mungu mwezi, kilitoka Uru. Na sanamu ya Bassetki, ambayo kwangu ni muhimu kuliko zote, iliibuka katika miaka ya 1970 wakati wa kazi ya kujenga barabara karibu na kijiji cha Bassetki, kaskazini kabisa mwa Iraki.

Nikae kidogo kwenye sanamu hii. Kilichobaki ni nusu ya chini tu: miguu ya mtu aliye uchi, ameketi chini juu ya kitako cha mviringo, ameikunja miguu kuzunguka kitu kama nguzo. Ni shaba iliyomiminwa, na uzito wake ni kama kilo 150. Kwenye kitako kuna maandishi ya Naram-Sin. Yanasema kwamba pande nne za dunia zilipomwasi zote kwa pamoja, akazishinda katika mwaka mmoja, watu wa mji wake waliwaomba miungu wakubwa, Ishtari, Enlil, Dagan, Ea, Sin, Shamash na wengine, kila mmoja akitajwa pamoja na mji wake, wamkubalie Naram-Sin awe mungu wa Agade. Kisha wakamjengea hekalu katikati ya Agade. Tunao ushahidi wa shaba, basi, kwamba katikati ya mji huo palikuwa na nyumba ya ibada ya mfalme aliye hai. Lakini shaba yenyewe ilikutwa kilomita mamia kutoka popote Agade unapoweza kuwa. Mwaka 2003, jumba la makumbusho la Baghdad lilipoporwa, sanamu hiyo nayo iliibwa. Ilipatikana miezi michache baadaye, imezamishwa kwenye shimo la maji machafu.

Sasa laana. Uliyoyasikia yana mzizi wake katika shairi la Kisumeri lililotungwa baada ya dola kuanguka, ambalo wasomi hulitaja kama Laana ya Agade. Linaanza kwa raha: maghala yamejaa, wageni wanazunguka mjini kama ndege wasiojulikana, nyani na tembo wanapishana na watu kwenye uwanja wa mji. Halafu mungu mke Inanna anauacha mji. Naram-Sin anangoja miaka saba apate ishara njema asiipate, anashikwa na hasira, anapeleka mashoka na sururu Nippur na kulibomoa hekalu la Enlil. Enlil anawashusha Waguti kutoka milimani, na miungu wanaulaani Agade kwa pamoja: majani na yaote kwenye njia za kuvutia mashua kando ya mifereji yake, maji ya chumvi na yatiririke palipokuwa na maji matamu. Mtunzi anataja hata bei za sokoni. Shekeli moja ya fedha, anasema, ilinunua nusu sila tu ya nafaka. Sila ni kipimo cha karibu lita moja, na katika enzi iliyofuata bei ya kawaida ilikuwa sila 300 za shayiri kwa shekeli moja. Aliyeandika mstari ule alikuwa anaijua njaa.

Shairi ni zuri, lakini kama ushahidi lina matatizo. Vibao vya hesabu vilivyochimbuliwa Nippur kwenyewe vinaonyesha kinyume chake: Naram-Sin alikuwa anaigharamia kazi kubwa ya kulijenga upya hekalu lile, na mwanawe Shar-kali-sharri akaiendeleza. Inaelekea makuhani wa baadaye waliona mafundi wakibomoa kuta kuukuu ili waweke mpya, au walisikia habari zake, wakaugeuza ukarabati kuwa kufuru. Naram-Sin hakuwa mfalme wa mwisho pia. Mwanawe alitawala miaka kama 25. Baada yake ndipo mambo yakavurugika, hata orodha ya kale ya wafalme inauliza kwa kejeli: nani alikuwa mfalme, nani hakuwa? Inataja wanne ndani ya miaka mitatu. Utawala wa Agade ulikoma karibu mwaka 2154 KK. Kuhusu sababu, wapo wanaotilia mkazo ukame mkali wa karibu mwaka 2200 KK, hoja iliyopata nguvu mwaka 1993 kutokana na uchimbaji wa Tell Leilan huko Syria. Wengine wanasema ukame peke yake hautoshi. Ubishi huo unahusu dola. Mji ni kesi nyingine, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya.

Maana mji haukupotea dola ilipoanguka, wala hata karibu ya hapo.

Hammurabi wa Babeli, katika utangulizi wa sheria zake, zaidi ya miaka 350 baadaye, anajisifu kwa alivyoutendea Agade na hekalu lake la Ishtari liitwalo Eulmash. Kumbukumbu za matukio za Kibabeli zinaandika kwamba karibu mwaka 674 KK, enzi ya Esar-hadoni wa Ashuru, huyo huyo wa kwenye Biblia, miungu wa Agade waliokuwa wamechukuliwa Elamu walirudishwa wakaingia Agade. Mji ambao sanamu za miungu wake zinarudishwa kwa heshima ni mji wenye watu, wenye hekalu, wenye mlango wa kuingilia.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Nabonido, mfalme wa mwisho wa Babeli, aliyetawala 556 hadi 539 KK. Huyu alikuwa na ugonjwa wa kuchimba. Kwa imani ya wakati ule, hekalu likijengwa upya lazima likae juu ya msingi wa kale kabisa, si kidole kimoja mbele wala kidole kimoja nyuma, kwa hiyo mfalme alitafuta msingi kabla ya kujenga. Anasimulia kwamba msingi wa Eulmash wa Agade, uliowekwa siku za Sargon na Naram-Sin, ulikuwa umetafutwa na wafalme waliomtangulia. Kurigalzu, mfalme wa Wakasi, alichimba asiupate, akaacha maandishi ya kukiri kwamba hakuupata. Esar-hadoni akatafuta, na Ashurbanipali, wapi. Nebukadreza akayakusanya majeshi yake yachimbe, yakarudi mikono mitupu. Nabonido akachimba miaka mitatu ndani ya handaki la Nebukadreza, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Akashindwa. Kisha ikanyesha mvua kubwa, maji yakachimba korongo, watu wakachungulia ndani ya korongo wakauona msingi.

Tazama hapo kuna nini, Mwalimu. Karne ya 6 KK, zaidi ya miaka 1,600 baada ya dola kufa, kila mtu anajua Agade uko wapi. Mafundi wanapelekwa huko kazini. Kinachotafutwa ni msingi wa hekalu moja ndani yake. Na kuna ushahidi mdogo wa siku zizo hizo ambao ukiuona huusahau: kibao cha udongo kilichopo kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia. Karani mmoja, jina lake Nabu-zeru-lishir, aliukandamiza udongo mbichi juu ya maandishi ya kale ya Shar-kali-sharri, na herufi zikatoka zimegeuka kama kwenye kioo. Nyuma yake akaandika kwamba aliyaona maandishi hayo katika jumba la Naram-Sin, mjini Agade. Mtu huyo alisimama ndani ya jumba la Naram-Sin akapiga chapa, kama sisi tunavyopiga picha, akaweka na maelezo ya picha. Laiti angeongeza mstari mmoja tu wa umbali kutoka Babeli. Hakuona haja, nani asingejua?

Kwa hiyo mchanga haukuufukia Agade kwa ghafla, na laana iliyoandikwa zaidi ya miaka elfu moja na nusu kabla ya Nabonido haielezi mji uliokuwa bado na mafundi. Kilichotokea ni cha kawaida zaidi, na kwa maoni yangu kinasikitisha zaidi: jina lilibanduka kutoka kwenye mahali pake.

Linganisha na jirani zake. Ereku, Uruk, ulibaki magofu matupu, lakini Waarabu wa eneo lile wakaendelea kupaita Warka. Nippur pakaitwa Nuffar. Kaskazini mwa magofu ya Babeli kuna kilima ambacho wenyeji walikiita Babil, kwa hiyo wachimbuzi walipofika jina lilikuwa linawangoja. Jina la mahali hupona kinywani mwa wakulima na wachungaji hata serikali tano zikipita. La Agade halikupona namna hiyo, kwa sababu lilikuwa limeshahama. Tangu zamani sehemu yote ya kaskazini ya nchi ya Babeli ilianza kuitwa Akkad, lugha yake ikaitwa Kiakadi, na wafalme waliofuata, hata Koreshi wa Uajemi, wakajiita wafalme wa Sumeri na Akkad. Jina likakua likawa la nchi, la lugha, la cheo. Ule mji mdogo uliobaki, wenye hekalu lake moja mashuhuri, ulipoishiwa na watu hapakuwa na aliyebaki kando yake kuliita jina lile juu ya kilima kile. Kisha mwandiko wa kikabari nao ukafa, katika karne ya 1 baada ya Kristo, na hati zote zilizokuwa zinajua njia zikanyamaza.

Tutautafutaje basi? Kwa vidokezo, na vidokezo vinagombana.

Cha kwanza ni lile gati. Agade ulikuwa kwenye maji makubwa ya kupitisha meli, kwa hiyo mto, au mfereji mkuu unaotoka mtoni. Ila mito ya Mesopotamia haikai mahali pamoja. Tigri, ambao Biblia inauita Hidekeli, na Frati, yote miwili imehama mikondo mara nyingi, na kilima kilichokuwa ukingoni siku za Sargon kinaweza kuwa leo kimekaa shambani, mbali na maji.

Cha pili ni Sargon mwenyewe kutokea Kish, karibu na Babeli. Hicho ndicho kiliwafanya wengi wa zamani watafute kati ya Kish na Sippar, na ramani nyingi za Biblia bado zinaweka alama yao huko. Mwaka 1975 Harvey Weiss alipendekeza kilima cha Ishan Mizyad, karibu na Kish. Wachimbuzi wa Kiiraki walikuja kuchimba pale, na hakikutoka kitu cha kuthibitisha kwamba ni Agade.

Cha tatu kimetoka kwa Koreshi, na mimi nakipa uzito mkubwa. Kwenye ile silinda yake ya udongo iliyopatikana Babeli mwaka 1879, anaorodhesha miji ambayo miungu wake aliwarudisha makwao: Ashuru, Shushani, Agade, Eshnunna, Zamban, Me-Turnu, Der, hadi mpaka wa nchi ya Waguti, na anaiita mahali patakatifu pa ng'ambo ya Tigri. Orodha hiyo ni ya upande wa mashariki. Ashuru uko kwenye Tigri wenyewe, Eshnunna uko katika bonde la Diyala, Me-Turnu uko juu zaidi kwenye bonde hilo hilo. Agade umetajwa mara moja kabla ya Eshnunna. Kama uko jirani na Kish, upande wa Frati huko, unafanya nini katikati ya kundi hili?

Kwa sababu kama hizo macho ya watafiti wengi yamehamia kwenye Tigri. Mwaka 1990 Christophe Wall-Romana alitetea eneo ambapo Diyala unaingia Tigri, yaani Baghdad na vitongoji vyake. Mwaka 2002 Julian Reade akasukuma hoja juu zaidi, karibu na mahali mto Adhaim unapoungana na Tigri, upande wa Samarra. Hakuna kati yao aliyefunga kesi. Mimi, ukinilazimisha, nitaegemea Tigri kati ya Baghdad na Samarra, na nitakataa kuweka dau kwa kilima chochote.

Utaniuliza: miaka zaidi ya 150 ya uchimbaji, picha za satelaiti, na bado? Kwanza, ujue tunatafuta nini. Miji ya Mesopotamia ilijengwa kwa matofali mabichi ya udongo. Nyumba ikichoka inasawazishwa, mpya inajengwa juu, na baada ya karne nyingi mji unakuwa kilima. Ukiachwa, mvua inauyeyusha unarudi kuwa udongo ule ule uliouzunguka. Hakuna nguzo za mawe za kukusimamia kama Misri. Kusini na katikati ya Iraki kuna maelfu ya vilima vya namna hiyo. Ukipita kwenye kimoja unachokiona ni vigae vya vyungu, vumbi jeupe la chumvi, na labda kipande cha tofali la kuchoma.

Pili, bonde linajaa. Mafuriko ya kila mwaka yaliacha tope, na uso wa nchi wa enzi ya Sargon uko mita kadhaa chini ya mashamba ya leo. Karibu na Kish kulikuwa na kijiji cha kale kiitwacho sasa Ras al-Amiya, kikongwe kuliko Agade kwa zaidi ya miaka 1,500, kilichozama chote chini ya tope bila hata kibonge juu. Kilijulikana tu kwa sababu mfereji wa umwagiliaji ulichimbwa ukakipitia. Mji mkuu usingezama wote namna ile, lakini vitongoji vyake vingeweza, na kilele kinachobaki nje kinaweza kuonekana kama kilima kidogo kisicho na maana. Zile picha za kijasusi ambazo satelaiti za Marekani zilipiga tangu 1960 hadi 1972, zilizofunguliwa kwa umma mwaka 1995, zimesaidia mno, kwa kuwa zinaonyesha nchi kabla miji na mashamba ya leo hayajaimeza. Zinakuonyesha vilima na mifereji mikavu. Majina hazikuonyeshi.

Tatu, ikiwa Wall-Romana yuko karibu na ukweli, eneo lile limejengwa juu kwa juu bila kupumzika. Seleukia ya Wayunani, Ctesiphon ya Waajemi, kisha Baghdad ya khalifa al-Mansur, iliyoanzishwa mwaka 762, yote iko humo. Wajenzi hawaachi tofali zuri la kuchoma lilale bure. Waandishi wa Kiarabu wa zamani wanasimulia kwamba al-Mansur aliamuru kasri la Waajemi huko Ctesiphon libomolewe apate matofali ya Baghdad, Khalid bin Barmak akamshauri asifanye, hakusikia, na mwishowe kazi ikasimama kwa sababu kulibomoa kulikuwa na gharama kuliko kufyatua matofali mapya. Kasri lile liliponea kwenye hesabu. Magofu madogo yasiyo na mshauri hayakupona.

Na vita. Tangu 1980 Iraki haijapata muda mrefu wa utulivu wa kuchimba kilima kikubwa miaka ishirini mfululizo. Baada ya 2003 waporaji walitoboa vilima vingi usiku kwa sepetu na kuuza vibao nje. Kibao kilichoporwa kinaweza kusomeka vizuri kabisa, jina la Agade likiwemo, na bado kisitufae kwa kazi hii, maana muuzaji hasemi alikitoa shimo gani.

Ndiyo maana nasema huenda Agade ulishaonekana zamani. Kuuona mji na kuujua ni mambo mawili. Mwaka 1834 Mfaransa Charles Texier alizunguka magofu makubwa ya Boğazköy nchini Uturuki, akayachora, na hakujua ni mji gani. Ilibidi kungoja mwaka 1906, Hugo Winckler na Theodor Makridi walipochimbua maelfu ya vibao, mojawapo kikiwa na mapatano ya amani na Ramesesi wa Pili wa Misri, ndipo ikajulikana kwamba hapo ni Hattusa, mji mkuu wa Wahiti. Miaka 72 mji ulikuwa kwenye ramani bila jina. Kinyume chake kinawezekana vilevile. Pierre Montet alipochimba Tanis, kwenye delta ya Nile, katika miaka ya 1930, alikuta mawe mengi mno ya Ramesesi akaamini ameupata mji mkuu wa farao huyo. Mawe yalikuwa ya kweli, mji ulikuwa wa wengine. Tawi la Nile lililokuwa linaulisha mji wa Ramesesi lilijaa tope, na wafalme waliofuata wakayasomba mawe yake hadi Tanis. Mji wenyewe ulikuwa Qantir, kilomita kama 20 kusini, chini ya mashamba.

Kwa hiyo hata mtu akituletea kesho tofali lenye jina la Naram-Sin, nitalifurahia na nitatulia. Matofali yake yaliyopigwa mhuri tunayo. Mwaka 1937 na 1938 Max Mallowan aliyakuta Tell Brak, kaskazini-mashariki mwa Syria, katika jengo kubwa la mfalme huyo huyo, na Tell Brak si Agade. Nippur pia yapo. Ninachotaka kuona ni tofali lililo bado ukutani, lenye kusema kwamba ukuta huu ni wa Eulmash. Au jiwe la egemeo la mlango, lile lenye kishimo cha kuzungushia nguzo ya mlango, likiwa mahali pake na maandishi yake. Au chumba cha vibao vya kawaida kabisa, vya posho ya shayiri na bia, ambamo makarani wanauandika Agade kama mtu anavyoutaja mji anaoishi. Hicho cha mwisho ndicho ningekipenda zaidi, kwa kuwa mfalme anaweza kuandikisha jina la mji wake popote alipofika na jeshi, ila karani wa posho huandika alipo.

Hata pwani yetu ina kesi ya namna hii. Rhapta, soko la Azania linalotajwa na wasafiri wa Kiyunani karibu miaka 2,000 iliyopita, nalo bado halijapewa mahali pasipobishaniwa, ingawa delta ya Rufiji inatajwa sana. Ukimwambia kijana hivyo atauelewa ugumu wa Akadi upesi kuliko kwa maelezo yangu yote.

Kuhusu ramani yako: ile alama ya kuuliza iache ilivyo, ila mruhusu achukue penseli aisogeze. Kama iko karibu na Babeli, kama zilivyo ramani nyingi, aivushe hadi kwenye Hidekeli, aipandishe kidogo juu ya Baghdad, upande wa mashariki wa mto, mahali Koreshi alipoutaja pamoja na Eshnunna. Na asiibonyeze sana hiyo penseli.